Kabla ya Uzito

Karani Mwakalobo anasoma mizani bila kuniinulia macho:
kumi na nne na nusu, toa mbili za maji,
maana mvua ya Rungwe haijaacha jani kavu tangu Jumapili.
Kumi na mbili na nusu, Subilaga. Weka sahihi.
Naweka.
Mshale unarudi kwenye sifuri kama vile sikupita.

Nesi wa zahanati ana hesabu yake.
Anaanzia siku ya kwanza ya damu ya mwisho,
siku ile nilipokuwa nafua vitambaa mtoni
nikijijua mtupu.
Kwake yeye, wiki mbili nzima nilikuwa na mimba
isiyo na mtu,
nyumba iliyoandikishwa kwa balozi
mpangaji hajafika.

Wiki ya tatu alifika. Sikusikia hodi.
Nilikuwa nabishana na Ambakisye juu ya bati,
tununue sita au nane,
na humu ndani kimoja kilikuwa kinagawanyika
viwili, vinne, vinane,
bila kubishana na mtu.
Siku sita kilisafiri,
safari nzima haizidi kiganja changu.

Kisha kikashika.
Watu husema mwanamke ameshika mimba.
Mimi sikushika kitu. Mikono ilikuwa kwenye chai,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.
Ni yenyewe iliyonishika,
kama kupe kwenye sikio la ndama.
Tone moja, rangi ya kutu. Nikadhani mwezi umewahi,
nikatayarisha vitambaa.
Vikakaa.

Ya mwaka juzi sikuihesabia wiki.
Ilitoka nikiwa na kuni kichwani, kwenye mteremko,
na mama mkwe akasema, haikuwa mtu bado,
akachemsha maji, akafunga mlango.
Darasa la sita tulifundishwa ngeli:
mtoto ametoka, mimba imetoka.
Herufi moja tu, pale mwanzoni.
Sijui ni siku ya ngapi *i* hugeuka *a*.
Nimemuuliza nesi. Akaangalia kadi yangu,
akaangalia dirisha.

Sasa ni wiki ya sita, kwa kalenda ya Saccos.
Harufu ya mafuta ya taa inanifuata hadi kisimani.
Mtindi niliounywa tangu nizaliwe umenikataa.
Saa nne asubuhi nalilia usingizi nimesimama,
nimekula udongo wa ukuta wa jiko, kidogo tu,
na ukungu ukishuka kutoka mlimani
natapika kimyakimya nyuma ya mkaratusi,
nafukia kwa majani makavu, narudi kuchuma.
Tumpale wa mstari wa pili ameniona.
Amekohoa, akaanza kulalamikia bei ya ndizi
kwa sauti kubwa mno,
ili wengine wote wamtazame yeye.

Nesi anasema kuna kitu kinapigapiga tayari,
si moyo hasa, ni mrija unaojifunza kazi,
na mwenyewe mzima hapiti punje ya dengu.
Nikaomba dengu moja dukani kwa Mwasumbi. Akacheka, akanipa.
Nikaiweka kiganjani. Haikufanya lolote.
Nikaitia kwenye mfuko wa gauni
na gauni hilo sijalifua.

Ambakisye sijamwambia. Bado yuko kwenye mabati.
Nikimwambia ataanza kunipokonya ndoo,
na jirani akiona nimepokonywa ndoo atajua,
na kikijulikana kisha kikatoka
nitaulizwa barabarani, kila mlango, unaendeleaje.
Lugha itaniita mjamzito.
Uzito upi? Hata kanga yangu haijui.

Jioni, mvua ileile.
Kumi na moja kasoro, nimechuma kidogo leo,
na Mwakalobo ananyoosha kalamu: toa mbili za maji.
Toa, namwambia.
Kikapu ni kitupu. Nainama taratibu,
nakibeba kwa mikono miwili.